Vyeti vya PDF: vikae ndani ya MySQL au kwenye folda?

Swali linalorudi kila mara kwenye ujumbe wa wasomaji: vyeti vya wanafunzi vilivyoskaniwa vimo ndani ya hifadhidata ya MySQL, vingine vikifunguliwa vinatoka nusu ukurasa. Je, vihamie kwenye folda?

Tuanze na hiyo nusu. Safu ya aina ya BLOB, ile inayohifadhi faili zima ndani ya jedwali, inabeba baiti 65,535 tu, na cheti kilichoskaniwa kwa rangi kinazipita mapema. Kama sql_mode (mpangilio wa ukali wa MySQL) haina STRICT_TRANS_TABLES, inayokataa data iliyozidi, MySQL inakata kilichozidi, inatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, kazi inaendelea. Tafuta mistari (rekodi za jedwali) ambayo LENGTH, yaani urefu, ya safu hiyo ni 65535 kamili. Hao ndio wagonjwa wako, na dawa yao ni kuskani upya, kwa sababu kilichokatwa hakikuhifadhiwa popote. Kisha badilisha safu iwe MEDIUMBLOB, inayofika MB 16.

Kuhusu kuhama, watu hubishania kasi. Watafiti wa Microsoft walipopima SQL Server mwaka 2006, faili za chini ya KB 256 zilifaa zaidi ndani ya hifadhidata, za juu ya MB 1 kwenye folda. Picha za pasipoti na sahihi ziache ndani ya hifadhidata, ila kwenye jedwali la peke yake, maana SELECT * (ombi la safu zote) moja ya kizembe inazibeba zote.

Kwa vyeti, kinachoamua ni bakapu, yaani nakala ya akiba. Vyeti 20,000 vya KB 500 ni GB 10. Ukitumia mysqldump, programu inayomwaga hifadhidata yote kwenye faili la maandishi (dampo), pamoja na chaguo la --hex-blob, kila baiti inaandikwa kwa herufi mbili, kwa hiyo dampo linakaribia GB 20 kila usiku, hata kama siku hiyo umeongeza cheti kimoja.

Basi hamisha, lakini folda iwe nje ya public_html (folda ya tovuti inayofikiwa na umma), la sivyo mtu atapakia faili la .php na seva italiendesha. Usitumie jina alilotoa mtumiaji: Windows haitofautishi Cheti.PDF na cheti.pdf, Linux inatofautisha. Jina liwe SHA-256 ya faili (alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo), na herufi mbili za mwanzo ziwe folda ndogo, unapata folda 256. Jina la asili, ukubwa na njia isiyoanzia kwenye mzizi wa diski viandikwe kwenye jedwali.

Unapohifadhi, andika faili kwanza, mstari baadaye. Unapofuta, geuza: mstari kwanza. Faili lisilo na mstari linakula nafasi tu; mstari usio na faili unakuletea mwanafunzi dirishani. Bakapu nayo, dampo kwanza, folda baadaye, na ufutaji usubiri hadi zote mbili ziishe.

Kabla ya kufuta safu ya zamani, linganisha SHA2(safu, 256) ya MySQL na sha256sum, amri ya Linux, ya kila faili. Ukishaifuta, kwenye MySQL 8.0.29 na kuendelea diski haitapumua hadi uendeshe OPTIMIZE TABLE, na hiyo hujenga nakala mpya ya jedwali kwanza, kwa hiyo acha nafasi.