Napalm Death: mle ndani kuna nini zaidi ya mayowe?

Mkuu, umesema uliisikiliza Scum, albamu ya kwanza ya Napalm Death, bendi ya Uingereza, ukazima kabla haijafika katikati, na unauliza sisi tunaoisifu huwa tunasikia nini. Mimi napiga dramu kanisani, kwa hiyo Napalm Death niliwaingia kupitia kwa mpiga dramu wao, Mick Harris. Mwimbaji nilikuja kumjali baadaye sana.

Msikilize Harris. Mkono mmoja uko kwenye dramu ndogo, mwingine kwenye toazi, mguu unakanyaga dramu kubwa, vyote vinafukuzana. Jaribu nusu dakika tu. Kifundo kinakaza, unaanza kupiga kwa bega, na hapo mdundo umeshakufia mkononi. Anayeweza ni yule aliyelegeza mkono na kuviachia vidole kazi. Harris ndiye anayetajwa kuupa mtindo huu wa kasi na mayowe jina la graindikoo (grindcore), ingawa kasi yenyewe bendi ya Siege ya Marekani walishaionja, hasira ni ya panki, ile roki ya fujo, ya bendi ya Discharge, na yale magitaa mazito yanayoburuta ni Celtic Frost wa Uswisi kabisa.

Scum ilitoka 1987 kupitia lebo ya Earache. Upande wa kwanza ulirekodiwa Birmingham 1986 na kundi moja, wa pili mwaka uliofuata na kundi jingine; aliyepo pande zote ni Harris peke yake. Halafu angalia walikoishia: Justin Broadrick wa upande wa kwanza akaunda bendi ya Godflesh, Lee Dorrian wa upande wa pili akaanzisha Cathedral, bendi ya mwendo wa kobe, na Bill Steer, naye wa upande wa pili, akabaki na bendi yake nyingine, Carcass. Kwangu hao watatu ni ushahidi mkubwa wa uzito wa albamu hii kuliko mamia ya bendi zilizowaiga.

Mashetani usiyatafute humo. Hawa walitoka kwenye panki ya kisiasa, na albamu inafunguka kwa kuyashambulia makampuni ya kimataifa yanayonenepa huku mataifa mengine yakifa njaa. Hata "You Suffer", ule wimbo wa sekunde moja na ushee unaochekwa na kila mtu, ni swali: unateseka, lakini kwa nini? Barney Greenway, mwimbaji wao tangu 1989, hajaacha kuwapigia kelele wabaguzi.

Kama Scum imekushinda, anza na albamu yao ya Harmony Corruption ya 1990. Waliirekodi Florida, na ina nafasi ya kupumua. Baadhi ya mashabiki wa zamani huiona imepoa mno, waache.

Na kwa jirani zetu kuna kundi la Duma la Nairobi, na albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Martin Kanja anapayuka, Sam Karugu anashughulika na mitambo, kazi ya Harris imeachiwa mashine. Hiyo usiifungulie kwenye spika kama unaishi nyumba ya kupanga.