Jibu: "Nikishika noti 65 siwezi kustoli, sivyo?"

Sivyo! Yakhe, nimelisoma swali lako kwenye foleni ya feri pale Likoni nikaguta kwa sauti, mama mmoja akasogeza kikapu chake. Wewe mwanafunzi wa urubani umeuliza mambo chungu nzima: kipimo cha pembe ya bawa cha kununua, bei, medikali (cheti cha afya cha rubani), mtihani wa nadharia. Halafu katikati ukachomeka, kama utani, kwamba mwalimu wako wa darasani kasema ukishika kasi ya noti 65 (kama kilomita 120 kwa saa) kwenye kona ya mwisho kabla ya kutua, ndege "haina namna" ya kustoli, yaani mbawa kuacha kuibeba. Hayo mengine yangoje.

Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na bwana mmoja aliyekuwa akivaa miwani ya jua ndani ya darasa. Nikayaamini.

Bawa halijui kasi, linajua pembe. Pembe kati yake na hewa inayolijia ikizidi kiasi, kwa mbawa nyingi digrii 15 mpaka 18 hivi, hewa inaachana na mgongo wa bawa na ule mbebo, nguvu inayoinua ndege, unaporomoka: hiyo ndiyo stoli. Matatu ikivuka daraja la Nyali toa kiganja dirishani: kiinue kidogo, mkono unapaa, kizidishe, kinasukumwa nyuma tu. Pembe hiyo unaweza kuifikia kwa kasi yoyote ukivuta usukani vya kutosha. Ndege inayostoli kwa noti 48 ikiwa imenyooka, ilaze digrii 60 huku unavuta isipoteze kimo, itastoli kwa noti 68. Sasa piga hesabu ya zile 65 zako.

Mimi sikupiga. Ilikuwa msimu wa kusi, uwanja mdogo huku pwani ya kusini, mkufunzi wa ndegeni kiti cha kulia. Upepo ukanisukuma nikaupita mstari wa kiwanja. Badala ya kukubali yaishe nipande juu nizunguke upya, nikailaza ndege zaidi, nikavuta usukani, nikakanyaga pedali ya ndani ili pua igeuke haraka. Honi ya kuonya stoli ikaanza kulia. Nikatupia jicho kipimo cha kasi: 65 kamili. Nikajiambia honi mbovu hii, za hizi ndege ndogo za Cessna zinapenda kelele, kwani yule bwana wa miwani si alisema? Nikaendelea kuvuta. Bawa la ndani likadondoka ghafla, dirisha langu likajaa minazi. Mkufunzi akausukuma usukani mbele kwa kiganja, akanyoosha mbawa, akafungulia moto wote, ndipo akaanza kunitukana. Suruali ilinusurika, msiulize zaidi. Mfuko haukunusurika: nilirudishwa nyuma kwenye mafunzo, saa zote za ziada kwa pesa yangu, na mchango wa chama cha mama ukaishia kwenye petroli ya ndege. Bwana wa miwani hakurudisha hata shilingi, bado anafundisha.

Na usidhani ni ujinga wa wanagenzi peke yao. Ndege ya Air France 447, Juni 2009, watu 228 wakafa: vipimo vya kasi viliziba kwa barafu, onyo la stoli likapiga kelele mara kadhaa, rubani akazidi kuinua pua. Februari mwaka huo huo, karibu na Buffalo kule Marekani, usukani wa ndege ya abiria aina ya Q400 ulitetemeka wenyewe kumwonya nahodha kuwa stoli inakuja, akavuta. Mtambo wa kuusukuma usukani mbele nao ukafanya kazi yake, akashindana nao.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja: honi ikilia, SUKUMA KWANZA. Usisome kipimo, usijadiliane. Punguza pembe, ndipo unyooshe mbawa na kuongeza nguvu.

Hicho kipimo cha pembe ni kitu kizuri, maana kinakuonyesha pembe yenyewe badala ya kuikisia kutoka kwenye kasi. Lakini lazima kirekebishwe kulingana na ndege, na ndege si yako, ni ya shule. Utakifunga wapi, kwenye bodaboda? Wewe unayo honi tayari. Kwenye Cessna 172 nyingi ni tundu tu mbele ya bawa la kushoto: pembe ikikaribia kuzidi, hewa inafyonzwa humo na kupuliza filimbi, bila betri. Kabla ya kuruka weka leso safi juu ya tundu, ufyonze kwa mdomo. Isipolia usiruke. Huku kwetu nyigu hupenda kujenga kwenye matundu kama hayo.

Halafu mwambie mkufunzi akupandishe futi 4,000, mlale digrii 45, uvute taratibu. Utaisikia honi huku kasi inasoma sitini na kitu. Umrudie huyo wa darasani umuulize ilikuwaje.

Ya medikali na mtihani wenzangu watakujibu, feri imefika.