Mleta uzi, toa hilo neno create kabla hujawasha seva

Mkuu, simama hapo hapo. Jumatatu usiwashe chochote.

Umesema umemaliza mfumo wa Spring Boot (zana ya kujengea programu za Java) wa duka la dawa la shangazi yako pale Buzuruga, Mwanza, na unataka kuupeleka kwenye seva Jumatatu. Umeuliza utumie Java ipi, upeleke programu kama faili la jar au la war, na kwa nini kanzidata ya PostgreSQL inakuambia relation "mauzo" does not exist, yaani meza ya mauzo haipo, wakati nyumbani kila kitu kilikuwa kinakwenda. Mchangiaji wa tatu akakujibu kwa mstari mmoja: "weka ddl-auto=create, itakubali," yaani mpangilio wa kuiachia programu ijenge meza yenyewe. Ukamshukuru. Hiyo asante yako ndiyo imenitoa kitandani usiku huu.

Ni kweli itakubali. Kwangu ilikubali wiki tano nzima.

Mwaka juzi nilimtengenezea mfumo mama mmoja muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba. Anauza kwa mali kauli: anatoa magunia kwa wachuuzi wa Kahama, Shinyanga na wengine wanaovusha mzigo hadi Kongo, nao wanalipa wakishauza. Kwa hiyo mali yake haiko ghalani, iko kwenye madeni. Alikuwa anaandika kwenye kaunta buku, nami nikamwambia azifunge kabatini, sasa kila kitu kipo kwenye kompyuta. Akanisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba alinisikiliza.

Kwenye application.properties, faili la mipangilio ya programu, niliacha mstari huu kama nilivyofundishwa:

spring.jpa.hibernate.ddl-auto=create

Watu wanadhani create maana yake "tengeneza meza kama hazipo." Sivyo. Kila programu inapowaka, Hibernate, ile sehemu yake inayozungumza na kanzidata, inazifuta meza zinazolingana na klasi zako za Java, kisha inazijenga upya zikiwa tupu. Kila inapowaka, mkuu, siyo mara ya kwanza tu. Nani aliipa jina la kujenga kazi inayoanza kwa kubomoa?

Kwa nini sikugundua mapema? Kwa sababu nilikuwa na faili la import.sql lenye majina ya watumiaji, bei na aina za magunia. Ukiwa umeweka create, Hibernate ikishajenga meza inalisoma hilo faili na kuingiza vilivyomo. Kwa hiyo kila nilipojaribu, nilikuta watumiaji wapo na bei zipo, nikaona mambo safi. Kumbe zilikuwa zinafutwa na kujazwa upya mbele ya macho yangu. Tukaanza kazi, kompyuta ikakaa wiki tano bila kuzimwa, na mama akaingiza madeni 86.

Jumamosi moja jioni umeme ukakatika. Ulikuwa wakati wa giza, mbalamwezi hakuna, wavuvi wanatoka na taa kila usiku na dagaa wanashuka kwa wingi. Umeme ukarudi saa tano usiku. Kompyuta ikajiwasha, systemd, inayowasha huduma za kompyuta, ikaiwasha programu bila mtu kugusa kitu. Nilikuwa nimeipanga hivyo makusudi ili mama asihangaike.

Asubuhi saa moja simu: "Mwanangu, mbona leo hakuna ninayemdai?"

Nilifika Mwaloni bila kunywa chai. Ameingia kwa nywila yake vizuri, jina lake lipo juu, bei za magunia zipo, na chini jumla ya madeni: 0. Nikafungua logi, kumbukumbu ya yale programu iliyofanya. Mistari ya kufuta meza ilikuwa imejipanga kwa utulivu kabisa: drop table if exists madeni cascade, drop table if exists malipo cascade, drop table if exists wateja cascade. Saa tano na dakika nne usiku. Hakuna kosa lolote lililoripotiwa, kwa sababu kwa upande wa programu hakukuwa na kosa. Ilifanya nilichoiagiza.

Utaniuliza bakapu. Nilikuwa nayo. pg_dump, amri ya kunakili data ya PostgreSQL, kila usiku saa nane, kwenye faili lenye jina lile lile. Saa nane usiku ule ikachukua meza tupu na kuziandika juu ya nakala ya Ijumaa.

Tulikaa wiki tatu tunayatafuta madeni. Meseji za malipo kwenye simu ya mama zilionyesha nani amelipa, lakini hazikuonyesha nani amechukua. Waliotuokoa ni makuli. Wanalipwa kwa gunia, kwa hiyo kila mmoja ana hesabu yake. Kuli mmoja alinitolea mfukoni kipande cha boksi la sigara kilichokunjwa mara nne, kimelowa jasho hadi wino umevuja, na juu yake vistari vya penseli vya kila gunia alilobeba na gari alilolipakia. Kile kipande kilikuwa na data ambayo seva yangu haikuwa nayo. Madeni 71 tuliyapata. Yaliyobaki hayakuonekana, na nililipa shilingi 1,350,000 kwa awamu, kwa sababu mimi ndiye niliyesema daftari zifungwe.

Sasa nimseme aliyenifikisha pale. Nilijifunza kwa kozi ya video ya saa nyingi, nikailipia. Mwalimu aliweka create somo la pili, akasema "tuweke hivi kwa sasa," na hilo "kwa sasa" halikuisha hadi kozi inafungwa. Kufundishia nayo sina tatizo, kwenye kompyuta ya mwanafunzi inarahisisha. Lakini unamfundisha mtu hadi hatua ya kupeleka mfumo kwenye seva, na humwambii kwamba mstari ule unafuta meza? Na wewe mchangiaji wa tatu, umejibu kwa maneno matatu jambo litakalobeba riziki ya duka la mtu. Rudi urekebishe jibu lako.

Lile kosa la meza ya mauzo, mleta uzi, chanzo chake ni hiki. Nyumbani ulitumia H2. Spring Boot ikikuta kanzidata ya ndani kama H2, na huna Flyway wala Liquibase, zana za kusimamia mabadiliko ya meza, inajiwekea create-drop yenyewe (jenga meza ikiwaka, zifute ikizimwa), ndiyo maana meza zilijitokeza. Ikikuta PostgreSQL haigusi kitu, inakuachia wewe. Kwa hiyo wajibu wako ni kuzijenga meza kwa mkono wako.

Weka Flyway. Andika SQL ya meza zako kwenye src/main/resources/db/migration, faili liitwe V1__meza_za_mwanzo.sql, alama za chini mbili baada ya V1. Kila badiliko ni faili jipya, V2, V3, na lililokwisha kupita usilihariri. Kwenye matoleo ya karibuni ongeza pia flyway-database-postgresql kwenye pom.xml, faili la orodha ya maktaba za mradi, la sivyo itakukatalia. Kisha kwenye seva weka ddl-auto=validate, ili Hibernate ikague tu, na meza isipolingana na klasi igome kuwaka.

Usikimbilie ddl-auto=update, inayorekebisha meza yenyewe, najua kuna atakayekuja kuisifia. Ukibadili jina la sehemu kutoka simu kuwa nambaYaSimu, update inaongeza safu mpya tupu na kuiacha ya zamani na namba zote ndani. Shangazi atafungua atakuta wateja hawana simu.

Halafu, na hili ndilo ninalokuomba ulifanye hata kama mengine utayapuuza: tengeneza watumiaji wawili wa PostgreSQL. Mmoja anamiliki meza, na Flyway pekee ndiyo inayomtumia, kupitia spring.flyway.user. Wa pili ni wa programu, mpe ruhusa za kusoma na kuandika data, yaani select, insert, update na delete, siyo umiliki. Asiye mmiliki hawezi kuifuta meza. Nimelijaribu mwenyewe: niliweka create kusudi kwenye nakala ya mfumo wa mama, nikawasha, PostgreSQL ikajibu must be owner of table madeni, na madeni yakabaki yalivyo. Nililisoma lile kosa mara tatu.

Kuhusu jar au war, peleka jar, Tomcat (seva ya wavuti) imo ndani yake. Java 17 inatosha kwa Spring Boot 3.

Fungua application.properties sasa hivi, na application-prod.properties (ya kwenye seva) kama unayo, tafuta ddl-auto, unibandikie hapa mstari unaoukuta. Nipo macho.