Siku ya usaili wa residensi Marekani inakuwaje?

SWALI: Shikamoo dokta. Nimemaliza intanship Dar es Salaam na nimepata mwaliko wa usaili wa residensi (mafunzo ya ubingwa) ya magonjwa ya ndani huko Marekani, mwezi Disemba, kwa Zoom. Siku hiyo inakuwaje? Wataniuliza maswali ya kitabibu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongera sana. Maswali ya kitabibu ni nadra. Alama zako za mitihani na barua za waliokufundisha wameshazisoma, na zingekuwa hazijawaridhisha wasingekuita. Sasa wanataka kujua kama wewe ni mtu wa kukesha naye wodini kwa miaka 3.

Kwanza, saa. Mwaliko ukisema 8:00 asubuhi kwa saa za New York, Disemba hiyo ni saa 10 jioni Dar. Mwenzako aliyeitwa Oktoba kwa muda huohuo atakaa kwenye kiti saa 9 alasiri, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Hapa watu wengi wamejikwaa.

Usaili wenyewe huchukua kama nusu siku. Mkurugenzi wa programu huwakaribisha wote na kueleza zamu, kliniki na utafiti, kisha mnagawanywa. Utaongea na wasaili wawili hadi wanne, mmoja baada ya mwingine, dakika 15 hadi 30 kila mmoja. Watakuuliza kwa nini uende Marekani, kwa nini kwao, na kosa gani ulilowahi kufanya kazini.

Sehemu inayowaangusha vijana wetu ni nyingine kabisa. Sisi tumelelewa kutojisifu. Kwenye usaili wangu wa kwanza, daktari mmoja alikuwa na fomu yangu ya maombi mbele yake, kidole kikiwa kwenye mstari mmoja: mradi wa kuboresha uandikaji wa vipimo vya joto na mapigo ya moyo katika wodi ya watoto. Nikamjibu, "Tuliona tatizo, tukatengeneza chati, tukawafundisha wauguzi." Akasubiri kidogo, halafu akauliza kwa upole, "Na wewe, ulifanya nini?" Nilikuwa nimeichora ile chati kwa mkono wangu, usiku wa zamu, na sikuwa nimesema. Kusema "nilifanya" pale si majivuno, mdogo wangu. Ni taarifa wanayoihitaji. Chukua fomu yako uipitie mstari kwa mstari, na kila palipo na "tuli" ujue "nili" yako iko wapi. Andaa pia wagonjwa wawili uliowahudumia mwenyewe, bila kutaja majina yao, pamoja na ulichojifunza kwao.

Programu nyingi huwa na kikao cha maresidenti peke yao, mara nyingi jioni ya kuamkia usaili. Saa 1 jioni ya New York ni saa 9 usiku kwako. Amka tu. Pale ndipo utakaposikia ukweli wa hospitali. Waulize: mgonjwa akibadilika ghafla katikati ya usiku mnampigia nani, na huyo mtu anakuja? Sikiliza jibu, na sikiliza pia wakinyamaza.

Kanuni za NRMP, wanaosimamia Match, yaani mfumo unaowapangia waombaji programu za residensi, zinawakataza wasaili kukuuliza umeomba programu gani nyingine. Wakiuliza, sema unazingatia programu kadhaa, uendelee na mazungumzo. Baadaye, kwenye orodha ya programu utakayoupelekea mfumo huo, panga programu kwa mapenzi yako ya kweli, wala usikisie nani atakutaka, maana mfumo huanza na chaguo la mwombaji.

Suala la viza mwulize mratibu wa programu kabla ya siku yenyewe: wanapokea J-1 tu, ambayo ni viza ya mabadilishano, au na H-1B, viza ya kazi, ambayo inataka uwe umeshafaulu Step 3, hatua ya mwisho ya mitihani ya leseni ya udaktari Marekani.

La mwisho ni umeme. Kompyuta iwe imejaa chaji, bando liwe kwenye simu, na namba ya mratibu uiandike kwenye karatasi, kwa sababu utaihitaji wakati kompyuta imeshazima.