Kamera ni zangu, akaunti ni ya fundi

Mwaka jana nilifungiwa kamera nne za CCTV nyumbani, Tabata. Fundi alifanya kazi safi: nyaya zimefichwa, picha inaonekana vizuri hata usiku. Akaniwekea programu kwenye simu, nikaona geti, uwani na sebule, nikamlipa.

Miezi mitatu baadaye kamera ya uwani ikazima. Nilimpigia, na kabla sijamaliza kueleza akasema, "Subiri dada, ngoja niangalie hapa. Mbona ya sebuleni iko sawa? Nawaona watoto wanaangalia TV."

Mwili uliniisha nguvu. Hakuwa na nia mbaya, naamini hivyo mpaka leo. Ila akaunti aliifungua kwa barua pepe yake. Kwa mujibu wa programu ile, mwenye kamera ni yeye. Mimi nimeshirikishwa tu. Na mtu akimwibia simu, anaingia sebuleni kwangu.

Kwa hiyo siku ya kufungiwa, fungua akaunti wewe mwenyewe, kwa barua pepe na namba yako, kabla fundi hajapanda ngazi. Kama umeshachelewa kama mimi, kubadilisha nywila ya programu iliyo kwenye simu yako hakusaidii. Mwambie afute kifaa kwenye akaunti yake mbele yako, kirudisheni kwenye mipangilio ya kiwandani, kisha ukisajili upya. Nilimwita, tukakaa mezani, kazi ikaisha ndani ya saa moja.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kinasa chenyewe, ile DVR inayohifadhi picha za kamera, bado kilikuwa na nywila ya kiwandani: admin. Usilidharau hilo. Mwaka 2016 kirusi kiitwacho Mirai kiliteka kamera, vinasa na ruta (vile vifaa vya kugawa intaneti nyumbani) kwa maelfu kwa kujaribu tu majina na nywila za kiwandani, jozi 60 hivi. Tarehe 21 Oktoba vifaa hivyo vya majumbani viliishambulia Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza simu na kompyuta kwenye tovuti nyingi, na Twitter na Netflix zikawa hazifunguki kwa watu wengi Marekani. Ukizima kifaa na kukiwasha, Mirai inafutika. Usipobadilisha nywila, inaweza kurudi baada ya dakika chache. Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya namna hiyo vyenye nywila rahisi ya kiwandani.

Ruta nayo ina nywila mbili: ya Wi-Fi, na ya kuingia kwenye mipangilio yake. Wengi tunabadilisha ya kwanza tu. Badilisha zote, sasisha programu yake, halafu kamera ziweke kwenye mtandao wa wageni (Guest), yaani Wi-Fi ya pili ya ruta hiyo hiyo, mbali na kompyuta na simu zako.

Ile ya sebuleni niliing'oa. Geti na uwani vinatosha.

Jumamosi nakwenda kwa mama, Morogoro. Kamera yake ya getini alifungiwa na fundi wa mtaani, na nywila iko kwenye daftari la fundi.