Daftari Langu la Vitwitwi

"Shikamoo dada. Namaliza digrii mwezi wa saba, napenda sana ndege wa matopeni. Nifanyeje niwe mtafiti kama wewe?"

Ujumbe huu ulitoka kwa binti wa Moshi. Uliingia siku ileile niliyopata barua kwamba maombi yangu ya fedha za utafiti yamekubaliwa. Nilikuwa mtaa wa Sakina, Arusha, nasubiri chipsi, nikacheka peke yangu mpaka muuzaji akanikodolea macho. Marahaba, mdogo wangu. Kaa nikueleze.

Mimi nilianza kwa kubeba darubini ya mtu. Mtafiti mmoja kutoka nje alikuja kuhesabu ndege bwawa la Nyumba ya Mungu, akahitaji mtu anayeelewana na wavuvi wa perege na asiyeogopa tope. Tulitoka Moshi saa kumi alfajiri. Wiki ya kwanza nilichoona ni vumbi la kijivu linalokimbiakimbia ukingoni. Baadaye ndiyo nikajua kwamba vumbi lile ni kitwitwi mdogo, ndege asiyefika gramu 40, anayetaga kule kaskazini mwa Siberia, kisha anashuka kwetu kuanzia Agosti, na Aprili anaondoka amenona mafuta ya safari. Nilipomweleza mama kule Kibosho, akasema, "Yaani nimeuza mbege miaka yote hiyo ukahesabu ndege wasioliwa?"

Mgeni alihesabu, mimi nikaandika. Jioni nilinakili kila kitu kwenye kaunta buku yangu. Nikaongeza na langu moja: wavuvi waliniambia maji yakipanda, vile vidogo vinahama, basi nikakata fito, nikaitia alama kila sentimita tano, nikawa naichomeka matopeni kila tulipohesabu. Mgeni akasema hiyo haihitajiki.

Makala yake ilipotoka, jina langu lilikuwa mwishoni kabisa, kwenye shukrani, na herufi moja imekosewa. Nilinunua bando kuipakua! Nimesamehe, lakini sijasahau, na sioni aibu kusema hivyo.

Aliandika kwamba vitwitwi wamepungua. Kwenye kaunta buku yangu, siku zile za "kupungua" maji yalikuwa yamepanda. Kitwitwi ana miguu mifupi, hali chakula palipo na kina. Ndege wa miguu mirefu walibaki palepale, hawakuwa na shida. Bwawa likishuka, tope linatandazwa kama meza ya harusi, nao wanarudi. Fito ile ndiyo iliyobeba maombi yangu safari hii, baada ya kukataliwa mara nne.

Sisemi ndege hawapungui. Sululu mmoja, yule wa mdomo mwembamba, alitangazwa mwaka 2025 kuwa ametoweka duniani. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa Moroko, mwaka 1995. Miaka 30 watu wanamtafuta na kuandika sifuri. Kwa hiyo ukikaa saa tatu juani usione kitu, andika sifuri. Ni data hiyo. Vijana mnaona haya kuandika sifuri, halafu mnaenda maziwa ya Momella kupiga picha ya heroe, yaani flamingo, mtume Instagram. Heroe anahesabika hata na dereva wa watalii. Shuka matopeni!

Shahada ya uzamili, ada, miezi ya kusubiri kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, hayo nayaruka maana yanachosha kuyaandika kama yalivyochosha kuyaishi. Anza kibali mapema, basi.

Na andika. Andika tarehe, saa, kina cha maji, upepo, nani alikuwepo. Ukimfanyia mtu kazi, muulize siku ya kwanza jina lako litakaa wapi kwenye makala, na jibu lake nalo liandike. Mimi niliona ni utovu wa adabu kumuuliza mtu mzima swali hilo. Nakili daftari kila jioni hata kama umechoka, hata kama mlo ni ugali wa baridi. Nakili, mdogo wangu. Nimeshasema? Narudia.

Januari tunahesabu tena Nyumba ya Mungu. Ukija, lete gambuti, kaunta buku na penseli, maana kalamu ya wino ikilowa imekula kwako. Fito ninayo.