Maumivu ya mgonjwa wa saratani yana tiba yake, yaulizieni

Wiki iliyopita dada mmoja wa Masasi aliniandikia. Mama yake ana saratani ya matiti iliyofika kwenye mfupa wa bega. Hawezi hata kujifunga kitenge, na huko walikokuwa wanatibiwa wameambiwa warudi nyumbani wakamuuguze. Amesikia kwamba siku hizi mishipa ya fahamu inachomwa na maumivu yanapungua. Akaniuliza kama ni kweli, au ni wale wale wauza dawa za mitandaoni.

Ni kweli, dada yangu. Niliyaona kwa baba yangu mzazi.

Baba alikuwa na mikorosho yake upande wa Naliendele. Saratani ya tezi dume iliposambaa kwenye mifupa, ilikaa nyonga ya kulia. Akilala chali bila kuguswa, alivumilia. Ukimgeuza au ukitaka kumkalisha, alitoa sauti ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuisikia kwake. Alilishwa amelala. Lakini lililomtesa kuliko yote ni kujisaidia kitandani, wakwe zake wakiingia na kutoka. Mahali nilipompeleka, mhudumu mmoja alinitazama usoni akasema, "Mzee ana saratani, ulitaka asisikie maumivu?"

Neno hilo ninalo mpaka leo, bado linaniuma. Tangu mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa kutuliza maumivu ya saratani, ngazi kwa ngazi, kuanzia dawa kama panadoli hadi mofini, dawa kali ya maumivu. Hakuna mgonjwa anayepaswa kuambiwa maumivu ndiyo haki yake.

Tulianza na mofini ya maji. Hunywewa kila baada ya saa 4, na ile ya kulalia huweza kuwa maradufu ili mgonjwa asiamke usiku wa manane kuitafuta. Dawa ya kulainisha choo inaanza nayo siku hiyo hiyo, maana mofini hufunga choo. Ndugu wakaanza maneno kwamba tunamfanya mzee teja. Niliwajibu kwamba mgonjwa anayepewa mofini kwa kipimo cha daktari, kwa sababu ya maumivu, si teja, na mtu asiyelala naye chumba kimoja asinipangie.

Mofini ilimtuliza akiwa ametulia. Akiguswa, bado. Tukiongeza kipimo, anasinzia mchana kutwa, hatambui nani kaja. Alipata pia mionzi Ocean Road, taasisi ya saratani iliyoko Dar es Salaam, ambayo kwa maumivu ya mfupa mara nyingi hutolewa dozi moja tu na kuwasaidia wengi, ila nafuu yake huchukua wiki kadhaa. Yeye ilimsaidia kidogo. Safari ya kutoka Mtwara mpaka Dar na nyonga ile siisimulii. Huko ndiko tulikokutana na daktari wa ganzi aliyetuambia habari ya mishipa.

Alitueleza hivi. Sehemu ya mbele ya fundo la nyonga hupeleka taarifa ya maumivu kupitia vijitawi vya mishipa ya fahamu inayoshuka pajani. Daktari anaongoza sindano kwa altrasaundi au eksirei mpaka kwenye vijitawi hivyo. Kwanza huwekwa ganzi ya muda tu, ya kupima. Maumivu yakishuka vizuri, basi amepata penyewe. Ndipo ncha ya sindano hupashwa moto kwa mawimbi ya redio, nyuzi 80 hivi za Selisiasi, kwa dakika moja au moja na nusu. Wengine hudungwa sindano ya alkoholi kali au fenoli, dawa za maji zinazoua mshipa, badala ya moto. Saratani yenyewe haiguswi, kinachokatwa ni njia ya maumivu. Na mshipa huweza kuota tena, kwa hiyo nafuu ni ya miezi, si ya milele.

Kwetu Wamakonde mjomba hasemi neno likaanguka chini. Mjomba akauliza, "Hatapooza?" Lilikuwa swali zuri, na ninyi liulizeni. Vijitawi vile kazi yake kubwa ni hisia, lakini ile alkoholi au fenoli inaweza kusambaa ikafika mshipa unaoendesha paja, mguu ukalegea. Kwa mgonjwa anayetembea, hilo linapimwa sana. Baba alichomwa kwa moto.

Siku ya pili yake aliomba kiti cha choo, akakaa, akatuamuru wote tutoke nje. Nililia kwa furaha ukumbini. Tuliporudi Mtwara akawa anakaa barazani, anabishana na majirani bei ya korosho mnadani. Alifariki maumivu yale hayajarudi, na hilo najivunia.

Kwa hiyo ulizeni. Iwe Ndanda, Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, ulizia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, na daktari wa ganzi, na kama tiba hii haipo hapo, omba rufaa. Usiulize tu "saratani imefikia wapi?" Uliza na maumivu yanatibiwaje. Kwenye bega upo mshipa unaopita nyuma, kwenye mfupa wa bapa la bega, ambao ndio hulengwa sana. Uliza pia kama mfupa umepigwa picha, maana mfupa ulioliwa na saratani ukikosa maumivu mtu huuegemea ukavunjika. Na kama mgonjwa ghafla miguu imekosa nguvu au mkojo umeziba, hapo uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa: kimbieni hospitali siku hiyo hiyo.

Baada ya kuchomwa, msiache mofini kwa ghafla, wala msiendelee na kipimo kile kile bila kumuuliza daktari. Maumivu yakishuka, dozi aliyokuwa akiimudu jana inaweza kumzidi leo, akasinzia kupita kiasi na pumzi zikapungua. Daktari wa baba alipunguza kidogo kidogo, na chupa ya mofini ilibaki karibu na kitanda kwa siku za maumivu ya ghafla.